Pasi iliyopewa kabila

Saa moja asubuhi, Mama Kola ameshaloweka mashuka ya nyumba ya wageni na sasa ananyoosha shati la mtu ambaye hajawahi kumwona. Anaanza na kola, kama kawaida yake. Ndiyo iliyompa jina. Kwa shati moja hulipwa pesa isiyotosha mkate, lakini asubuhi hii si pesa inayomsumbua. Jicho lake liko upande wa pili wa uwanja wa madobi, penye bomba, anakofulia Mama Buluu.

Hawazungumzi. Wanasalimiana tu, na salamu yenyewe ndiyo inayomuuma.

"Siku hizi ananiambia 'habari za asubuhi, mama'," anamwambia mwandishi wa habari hii huku akitundika shati. "Huyu huyu aliyekuwa akiniita mvivu tangu getini. Leo ananiheshimu kama mkwe."

Wawili hao si wa kabila moja wala dini moja, ila wamefua pamoja hapa tangu wakiwa wasichana. Walianza mikono mitupu. Wakachanga, wakanunua pasi ya mkaa iliyokwishatumika sana, mmoja akawa anafua na mwingine ananyoosha. Mpini wa pasi ulipoungua, Mama Buluu alikata mpini wa mwiko wa jikoni kwake, akaufunga kwa waya.

"Mumewe alinuna wiki nzima," anakumbuka Mama Kola, na hapo anacheka kidogo. "Lakini mashati yalitoka."

Pasi hiyo ilisomesha watoto wa nyumba mbili. Umeme ulipofika, ikastaafu kwa Mama Kola, ikawa inazuia mlango usibamizwe na upepo.

Mwaka jana jiji lilitangaza maonyesho ya historia ya wakazi wake, ili kila mtu ajione humo. Nani angepinga jambo kama hilo? Watu wakaombwa wapeleke vitu vya zamani, na Mama Kola akapeleka pasi. Aliyeipokea alimuuliza maswali mawili matatu, likiwemo la kabila la baba yake. Akajibu kama mtu yeyote anavyojibu akiulizwa dirishani. Hakujua kwamba inayoandikishwa kabila ni pasi.

Siku ya ufunguzi walikwenda pamoja, nguo zimenyooka, mikoba kwapani. Ukumbini walikuta makabati ya vioo, kila jamii na lake, yote ya ukubwa mmoja ili asinung'unike mtu. Pasi ilikuwa kwenye kabati la watu wa Mama Kola, na kibao kikasema ni mchango wa jamii hiyo kwa jiji. Mpini wa mwiko ulikuwa palepale, na waya wake.

Mama Buluu alikisoma kibao kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa yenu," akatoka nje peke yake.

Kesho yake alihamishia makarai yake bombani. Madobi wa kabila lake wakamfuata mmoja mmoja, wa kabila la Mama Kola wakabaki kivulini. Uwanja ambao haukuwahi kuwa na mpaka sasa una kamba ya nguo katikati, na anayeanika upande usio wake hutazamwa mpaka aanue. Jiji lilitaka kuunganisha watu. Hapa limewatenga waliokuwa wameungana bila kuombwa na mtu. Inakera, tena zaidi kwa sababu lilifanya hivyo kwa nia njema.

Mama Kola amerudi ukumbini mara kadhaa. Afisa wa maonyesho, binti mpole, alimpa kiti na soda.

"Mama, tunaweza kuihamishia kwenye kabati la mwenzako," akamwambia.

"Wa kwangu watasema wameporwa. Iweke pa wote wawili."

"Kabati la hivyo hatuna, mama. Labda msajili jamii yenu."

"Jamii gani, mwanangu? Ya wapiga pasi?"

Afisa alicheka. Mama Kola hakucheka. Akaomba basi arudishiwe pasi yake, akaambiwa sasa ni mali ya jiji.

Amekwenda pia nyumbani kwa Mama Buluu. Alikaribishwa sebuleni, akaletewa chai kwenye vikombe vya wageni. Vikombe hivyo vilimliza njia nzima, kwa sababu katika nyumba ile amezoea kuingia jikoni na kujimiminia mwenyewe.

Mama Buluu naye, alipofuatwa na mwandishi, hakutaka maneno mengi. "Mimi sina ugomvi na mtu," alisema akikamua shuka. "Muulizeni mwenye pasi."

Mama Kola hana haja tena na kibao wala kabati. Jumamosi, anasema, atavuka ile kamba na karai lake, mchana kweupe, akafulie bombani. Wenzake wa kivulini wameshamwonya kwamba akivuka asirudi.

"Nitakaa karibu naye kabisa, niloweke nguo nyeupe pamoja na za rangi, makusudi," anasema. "Namjua yule, hawezi kuvumilia. Akinifokea tu, hata tusi moja, nitajua bado ninaye."