Mfini na Neno "Pole"

Mwanangu, kuna msiba mmoja naukumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa enzi za Wajerumani. Nilikuwa nimeacha shule ya misheni, nazurura tu kati ya kijiji cha Usa na boma la Arusha, hadi seremala mmoja Mzungu, Mfini, akaniajiri nimfundishe Kiswahili. Alikuwa na daftari: Kiswahili kushoto, Kifini kulia, kila neno mstari mmoja.

"Pole" ilimshinda. Wapasua mbao wake wakimwambia pole na kazi, ananigeukia: "Wamenikosea nini?" Akijikwaa, mtu akimpa pole: "Kwani yeye ndiye aliyeniangusha?" Kutwa nzima hivyo. Pole ya homa, pole ya safari, pole ya kunyeshewa. Nilichoka. Nikamwambia, "Andika ni kukiri kosa, basi, tuendelee." Akaandika, tena kwa wino.

Wiki ileile gogo likamwangukia Anaeli, mpasua mbao wetu, akafa. Mfini alilia, nilimwona. Lakini msibani hakwenda. Alinituma na blanketi jipya.

"Nikisema pole," aliniambia, "nitakuwa nimekiri kwamba nimemuua."

Mama yake Anaeli alinirudishia blanketi palepale mlangoni, bila kulikunjua.

"Mwambie bwana wako sioni baridi, nimefiwa. Mwanangu amempasulia mbao miaka miwili, naye hajaja hata kukaa."

"Mama, yeye anadhani neno lenyewe..."

"Si wewe unayemfundisha? Umemfundisha nini?"

Nilikwenda nikamwambia Mfini ukweli, kwamba nilimjibu ili anyamaze, kisha nikamvuta mkono hadi msibani. Aliketi na wanaume juu ya majani makavu ya migomba siku mbili, akisikiliza kila aingiaye akitoa pole. Siku ya tatu akasimama mbele ya yule mama. "Pole, mama," akasema.

"Asante, baba," mama akajibu, akamsogezea kigoda.

Jioni Mfini aliikata kwa kalamu ile maana niliyompa. Upande wa Kifini hakuandika neno jingine.

Na ninyi siku hizi mnaniuliza maana ya maneno huku mmeshashika mlango mwondoke. Mwanangu, mtu akikuuliza neno, usimpe jibu la kumfukuza. Kama hulijui, sema hulijui. Kama unalijua, mpeleke linakosemwa, ukae naye. Uvivu wangu ulimfanya mama wa watu adhani mwanawe alikuwa si kitu kwa bwana wake. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na mfiwa asikungoje bure.