Vitufe Viwili Vilivyosema "Mara"

Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha kazi mwenyewe. Wakulima wa ndizi wa Mosocho waliponiomba niwatengenezee rejista ya wanachama ya kwenye mtandao, sikutaka kuchafua ukurasa kwa maneno. Kwenye vitufe niliweka alama tu: + ya kuongeza jina, × ya kufunga ukurasa, na × nyingine, nyekundu, ya kufuta.

Katibu wao alikuwa mwalimu mstaafu, mama aliyepofuka uzeeni. Simu ilimsomea kila kitu kwa sauti.

"Mwanangu," aliniuliza siku ya mafunzo, "hapa simu inasema 'mara', kama kwenye hesabu. Na hapa pia inasema 'mara'. Nitazitofautishaje?"

"Moja ni nyekundu, Mwalimu."

Watu wakacheka. Yeye akangoja kicheko kiishe.

"Niandikie tu 'Funga' na 'Futa'."

"Nitaangalia," nikasema. Sikuangalia.

Miche ya ndizi ilipokaribia kuletwa, alifungua majina ya kijiji kimoja, akayasikiliza moja moja, akafunga. Alidhani amefunga. Siku ya ugawaji, kijiji kile hakikuwamo kabisa kwenye rejista. Akina mama waliokuja na vikapu tangu asubuhi walirudishwa mikono mitupu, na mmoja wao akatema mate karibu na miguu ya Mwalimu.

Mwenyekiti akanigeukia mbele ya wote. "Shida ni mtambo au ni mtu?"

Nilijua jibu.

"Mtambo uko sawa," nikasema.

Mwalimu aliinua uso, akauelekeza kwenye sauti yangu, akangoja. Wakamnyang'anya simu ya kikundi hapo hapo, wakampa ukatibu mpwa wa mwenyekiti.

Kesho yake niliandika yale maneno mawili. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Sikumwambia mtu.

Ulipita mwaka mzima kabla sijaenda kwake kuomba msamaha. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za wazazi, kisha akauliza, "Vile vitufe ulivirekebisha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lini?"

"Kesho yake."

Aliweka kikombe chake mezani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya toba. Kabla sijayaanza, akamwita binti yake aliyekuwa jikoni.

"Msindikize mgeni hadi barabarani," akasema. "Na hiki kikombe chake, kioshe vizuri."