Kujifunza Kukaa Chini

Mimi sina subira, nalisema mapema asije mtu akanisingizia upole. Nilianza kukanyaga cherehani nikiwa msichana, na ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaingia Arusha kwa marobota, nilikuwa nimekalia kile kiti zaidi ya miaka ishirini. Watu wakaacha kuleta vitambaa. Wakaleta masuruali ya kupunguzwa kiuno na makoti ya kufupishwa mikono, na mimi nikawa napunguza na kufupisha asubuhi hadi jioni, pale barazani kwangu Ngarenaro, bila kuinuka. Nyonga zikakakamaa. Nikisimama, hatua tatu za kwanza natembea nimeinama, ndipo mgongo unakubali kunyooka.

Sikujali. Nani Ngarenaro hakuwa anaumwa mahali? Nilianza kujali siku binti yangu mkubwa aliponiambia ana mimba, na kwamba atakuja kujifungulia kwangu.

Nyumbani kwetu, mtoto wa kwanza wa binti huogeshwa na bibi mzaa mama. Na bibi hakai kwenye kigoda. Anakaa chini sakafuni, amenyoosha miguu, beseni la maji ya uvuguvugu pembeni, mtoto kalazwa juu ya miguu yake. Mama yangu hakuishia kwa wa kwanza, aliniogeshea wote wanne. Alikuwa anapanda basi kutoka mgombani kwake Kilimanjaro, anafika kwangu, anavua viatu, anakaa chini. Akimaliza kumpaka mtoto mafuta ananikabidhi na kusema, "Tangulieni, nakuja."

Sote tulijua anabaki kumsalia mtoto. Mama ni Mlutheri wa zamani, hata ndizi hamenyi bila kusali. Basi nilikuwa natoka kwa kunyata, nafunga mlango taratibu, na mgeni akifika namwambia kwa sauti ya chini, "Ngoja kidogo, bibi anasali." Hata robo saa ipite, hakuna aliyethubutu kumgusa. Baadaye ningeingia na kukuta shuka la kitanda limevutwa upande mmoja, nikajua hapo ndipo alipopigia magoti. Nilikuwa najivunia mama yangu, jamani.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Jioni ileile nilijifungia chumbani, nikatandika kanga, nikajaribu kukaa. Mae! Miguu ikinyooka, mgongo unaanguka nyuma. Mgongo ukisimama, magoti yanapanda juu. Nikabaki nimeegemea kitanda, nikalia. Kilichoniliza zaidi ni kumkumbuka bibi mwenzangu, mama yake mume wa binti yangu. Yule ni mkulima na mfugaji wa huko magharibi ya Mlima Meru, ananizidi umri, na siku ya harusi nilimwona amekaa kwenye nyasi, miguu imenyooka, kama mtu aliye kwenye kochi. Nikishindwa mimi, ataogesha yeye. Wivu ulinishika, sifichi.

Mama mmoja tunayeimba naye kwaya ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu. Alikuwa nesi mstaafu, Mmeru mwembamba, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya misheni akiwahudumia watu wenye viungo vilivyokaza. Jumamosi mchana alikuwa anakusanya akina mama kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Tunasogeza mabenchi ukutani, tunatandika mikeka, tunalala. Alitutaka tuje na suruali. Suruali, kanisani! Tulizivaa chini ya vitenge na kuvua vitenge baada ya mlango kufungwa. Nilizijua suruali zote mle ndani, kwa sababu viuno vyake nilivipunguza mimi.

Nilitegemea mazoezi ya jasho. Mwalimu akasema, "Laleni chali. Msinionyeshe kitu. Sikilizeni tu, kisigino kipi kinalemea sakafu zaidi?"

Visigino hivyo nimetembea navyo maisha yangu yote, sikuwahi kuviuliza swali. Akatuambia tukunje magoti, tufikirie bakuli limejaa uji juu ya tumbo. Tuinamishe nyonga kidogo, uji usogee upande wa kitovu. Turudishe, usogee upande wa mapaja. Usimwagike. Halafu goti moja liachwe lianguke nje, polepole, huku tunapumua. "Mwili ukikaribia kusema basi," alisema, "rudi kabla haujasema."

Nilikereka. Yaani nimefunga cherehani yangu nije kubembeleza bakuli la uji ambalo halipo? Jirani yangu wa kulia alikuwa anakoroma. Nikajiambia huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, na mimi nina mjukuu njiani.

Kwa hiyo nyumbani nikafanya kwa akili yangu mwenyewe. Mchaga akiambiwa kitu kinakwenda polepole, anaona anacheleweshwa makusudi. Nikalala chali, nikaangusha goti nje, na juu ya goti nikaweka pasi yangu ya mkaa, ile nzito ya chuma, bila moto lakini, sikuwa nimechanganyikiwa kiasi hicho. Nikahesabu hadi mia mbili. Nikahamishia upande wa pili, nikahesabu tena. Kesho yake sikuweza kupanda ngazi mbili za baraza. Mume wangu alinishika kwapani kama mgonjwa, akanipandisha.

Jumamosi nilichechemea hadi ukumbini. Mwalimu akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia. Akasema mbele ya wote, "Mama, mwili si suruali. Haupigwi pasi."

Walicheka hadi yule mkoromaji akaamka. Nilisusa. Jumamosi iliyofuata sikwenda, nikakaa na cherehani yangu na hasira zangu. Lakini tumbo la binti yangu halikususa, lilikuwa linakua tu. Nikarudi, na kwa mara ya kwanza nikafanya kama nilivyoambiwa.

Ndipo nilipoanza kugundua mambo. Kumbe nikilala, upande wangu wa kulia haukugusa mkeka kuanzia kiunoni hadi pajani, ulikuwa umejishikilia hewani. Kumbe nikiinua goti nabana pumzi na kung'ata meno. Hata nikiwa barazani nashona, nilijikuta nimekaza makalio na mabega kana kwamba cherehani itanikimbia. Nikawa nalegeza. Yanakaza, nalegeza. Goti ambalo pasi ilishindwa kulishusha lilianza kushuka lenyewe, upana wa kidole, wiki nyingine upana wa viwili.

Mwalimu alitufundisha pia kuinuka. Hakuna kujivuta. Unakunja goti moja, unajiviringisha ubavuni, kiwiko, kiganja, unakuja kwenye mikono na magoti, unaweka unyayo mmoja chini, unasimama. "Hivi ndivyo mlivyoinuka kabla hamjajua kutembea," alisema. Mimi hilo nililichukulia juu juu. Nilichotaka ni kukaa, kuinuka niliona kutajijua.

Mjukuu alizaliwa wakati wa mvua za masika, msichana, analia kwa sauti nene. Bibi mwenzangu alifika na kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukashikana mikono muda mrefu. Kisha akasema, tena kwa upole, "Mama, nimesikia nyonga zinakusumbua. Ukishindwa, mimi nipo."

Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema, utaona.

Nikatandika mkeka chumbani, nikakunja blanketi la kukalia kama mwalimu alivyonielekeza, nikashuka taratibu, nikanyoosha miguu. Mgongo ukasimama. Nikapumua. Binti yangu akamlaza mtoto juu ya miguu yangu, na nikahisi uzito wake wote, kile kisogo kidogo karibu na magoti yangu, vile visigino vinanipiga tumboni. Nilimwogesha bila haraka, makunyanzi ya shingo, kwapa, nyuma ya masikio. Akanyamaza, akawa ananitazama. Nilifurahi mno, machozi yakadondokea kwenye beseni. Bibi mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mpaka nilipomaliza kupaka mafuta, akasema, "Ametulia," na akaenda sebuleni.

Nikamkabidhi binti yangu mtoto. Nikataka kuinuka naye tutoke wote.

Nyonga zikagoma. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, kiuno kimekaza kama siku ya pasi. Binti yangu amesimama ananisubiri, na nje yuko bibi mwenzangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tangulieni, nakuja."

Binti yangu akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka kwa kunyata, akafunga mlango taratibu. Nikamsikia nje anasema kwa sauti ya chini, "Mama anasali." Na bibi mwenzangu akaitikia, "Amina."

Nilikaa pale nimetazama shuka la kitanda changu. Watoto wanne. Kila siku, wiki kwa wiki, kila mtoto. Na mlango nilikuwa nafunga mimi, kwa mkono wangu. Nimewahi kuaibika maishani, lakini si kama siku ile. Nilipoweza, nikakunja goti moja, nikajiviringisha ubavuni, kiwiko, kiganja, nikainuka. Shuka sikulivuta.

Mtoto alipotimiza siku arobaini nilipanda basi kwenda kwa mama. Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda chake, anamenya ndizi. Sikuzunguka.

"Mama, zile siku ulikuwa unabaki ndani baada ya kumwogesha mtoto, ulikuwa unasali?"

Akanitazama. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, akaweka kisu chini.

"Kusali nilisali sana," alisema. "Nilikuwa nasali mmoja wenu afungue mlango aniinue."

Nilicheka na mimi, halafu nikalia. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata mara moja.

"Ningesema, ungenipa tena mtoto nimwogeshe?"

Kweli, nisingempa. Ningemletea kiti, na maneno matamu juu yake. Nikatandika mkeka palepale jikoni, nikakaa chini kwanza mimi, kisha nikampokea polepole mpaka akalala ubavuni kwangu, analalamika kwamba sakafu ni baridi.

"Kunja goti moja, mama," nikamwambia. "Taratibu. Siondoki."