Samaki wa Juu ya Maporomoko

Theuri hakuzaliwa na hasira. Aliipata mwaka wa 1966, kwa neno moja alilolitamka mwenyewe, ndiyo maana haikupoa.

Alikuwa mbeba nyavu wa Daktari Ndungu wa Nyeri, mtaalamu wa samaki aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo baada ya Uhuru. Kazi aliipenda, lakini aliificha kama mtu anayeficha kidonda. Kwao samaki hakuwa chakula. Alihesabiwa ndugu wa nyoka, na aliyemshika alitazamwa kwa kinyaa. Na Theuri alikuwa anaposa! Mzee Kihara, babake Wakonyo, msichana aliyemposa, aliambiwa tu kwamba mkwe ana kazi ya serikali.

Nyuma ya boma la mzee, kijito kiliporomoka kutoka mwambani. Juu ya maporomoko hayo Theuri alikuwa ameona visamaki vya urefu wa kidole, mapezi mekundu. Katika chupa zote za daktari alizozisugua, hakuwahi kuona wa aina hiyo. Alingoja siku nzuri ya kumwonyesha.

Siku hiyo ikaharibika. Theuri akiwa amewatembelea wakwe, daktari akatokea na mapipa ya vifaranga wa trauti, samaki wa kizungu wa kuvuliwa kwa starehe na wageni wa hoteli.

"Theuri, kumbe uko huku! Niambie, huko juu kuna samaki? Kama wako, siwezi kumwaga hawa. Watawamaliza."

Mzee Kihara akacheka. "Ati samaki? Huyu ni mkwe wangu, Daktari. Atajulia wapi hiyo uchafu?"

Theuri akatazama viatu vyake. "Hakuna, Daktari."

Ulimi hauna mfupa. Vifaranga wakamwagwa.

Miaka mitatu baadaye daktari alipasua tumbo la trauti mmoja kuona amekula nini. Akatoa kitu chenye pezi jekundu, nusu kimeyeyuka.

"Samaki huyu hajaandikwa katika kitabu chochote!" alipiga kelele. "Nitafutie mwingine!"

Theuri alitafuta wiki sita, maji ya mlima yakimfika kiunoni. Hakupata hata mmoja. Kila alipovuta wavu mtupu alimlaani daktari, msomi mzima aliyetegemea neno la mbeba nyavu badala ya kutupa wavu mwenyewe kwa dakika kumi. Kisha alijilaani zaidi.

Siku ya mwisho alipitia kwa mkwewe akitiririka maji. Mzee Kihara alikuwa jikoni na kikaangio, mafuta yamemfika kidevuni. Alikuwa anakula trauti.

"Karibu, mkwe! Kumbe hii kitu ni tamu hivi! Kwa nini hukuniambia?"

Theuri akautupa wavu chini. "Nilimdanganya daktari kwa sababu yako, Baba! Niliogopa uso wako, na wale wadogo wa huko juu wakaliwa wote. Wote!"

Mzee akatema mwiba.

"Wadogo gani?"