Hesabu Kumi

Kasha la violoni yangu lilitengenezwa na seremala wa Uvira ambaye kazi yake hasa ni majeneza. Hakujua umbo lingine. Alipima, akapiga misumari, akatandika kitambaa cheupe ndani. Nilipolibeba kwenda parokiani, wanawake waliouza samaki wa ndagala kando ya barabara walinyamaza mpaka nipite. Siku moja mtu wa pikipiki alikataa kunipakia.

"Grand, kaka yangu, ule mutoto ni wako?"

"Si mtoto. Ni violoni."

"Fungua nione kwanza. Maiti minye sibebake bule."

Nikafungua. Akaziangalia zile nyuzi nne na kile kiuno chembamba.

"Kumbe iko gitare yenye njaa," akasema. "Panda."

Nilipomsimulia mwalimu wangu, alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alikuwa mwalimu wa shule mstaafu na kiongozi wa korali yetu. Violoni alijifunza seminarini ujanani, kabla ya kuacha njia ya upadri, na mimi alinianzisha nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alinifundisha vipande vya muziki vya Wazungu waliokufa zamani, alivyonakili kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Baadaye nilikwenda chuo kikuu Bukavu, nikarudi na shahada ya sosiolojia, bila kazi, na maswali mengi. Nilimuuliza: watu ambao mto umebeba nyumba zao wanahitaji nyuzi za Ulaya kwa lipi.

"Uliza," alinijibu, "lakini uliza ukiwa unavuta upinde."

Wakati huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, hauwezi tena kubana nyuzi. Ndiyo sababu alinipa daftari lenye kipande alichotunga mwenyewe, cha violoni peke yake, bila maneno. Katikati ya ukurasa wa pili noti zilikatika. Hapo alikuwa ameandika: Nyamaza. Hesabu kumi.

"Kumi ni nyingi, Mwalimu. Watu watadhani imeisha."

Binti yake wa pekee nilimfahamu. Alichukuliwa na mafuriko nikiwa Bukavu. Mwalimu hakuwahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu.

"Mto ulishuka na mawe," akasema. "Makelele kama milima inasagwa. Ukapita na nyumba, yeye akiwa ndani. Maji yalipoisha kupita, kabla muntu yeyote alie, kulikuwa kimya. Minye niko nimesimama pale. Sijui kilidumu muda gani. Mu kichwa yangu ni hesabu kumi."

Alitaka kipande hicho kipigwe kwenye misa ya maziko yake, na kile kimya kisiguswe. Hakuniomba kingine.

Tatizo nililijua. Kwetu marehemu haachwi katika ukimya. Korali moja ikivuta pumzi, nyingine inapokea; pakibaki mwanya, mama mmoja anaanzisha wimbo na kanisa zima linamfuata. Nilijaribu katika repetisio, siku ya mazoezi ya korali. Nilipofika tatu, mama mmoja wa sauti ya kwanza alidakia wimbo, tena katika ufunguo wangu uleule, na wenzake wakaingia.

"Mama, bado sijamaliza!"

"Tuliona umechoka, tukakusaidia!" Wakaangua kicheko.

Mwalimu alikufa Jumanne, majira ya mvua. Maziko yalikuwa Alhamisi. Nilijifungia katika stoo ya korali, kati ya ngoma na viti vilivyovunjika. Uzi mwembamba ulikuwa umeanza kuchanika, na mpaka wa kwenda Bujumbura, ambako tungepata mwingine, ulikuwa umefungwa. Nikalegeza nyuzi zote kwa nusu toni ili ule usikatike. Kisha nikazunguka kwa akina mama wa korali, nyumba kwa nyumba, nikiwasihi wasiimbe mpaka niguse uzi tena. Mwisho nilikwenda kwa mjane wa Mwalimu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka.

"Mama, nimewaomba wote wanyamaze."

"Watanyamaza."

"Na wakishindwa?"

Alinitazama. "Mutoto yangu, sisi tutanyamaza. Weye je?"

Nilidhani ni uchungu unaosema.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nilisimama karibu na jeneza, kazi ya seremala yuleyule. Nusu ya kwanza sijawahi kuipiga vile. Hata ule uzi mbovu ulinitii. Nikainua upinde. Moja. Mbili. Hakuna aliyesogea. Tatu. Mtoto mchanga akakohoa, akanyamazishwa. Nne. Nikamwona yule mama wa sauti ya kwanza, kifua chake kikipanda. Pumzi ile naijua, ndiyo inayotangulia wimbo. Tano, nikashusha upinde kwenye nyuzi, nikakimbia na nusu ya pili mpaka mwisho. Nyimbo zikalipuka baada yangu.

Nje, yule mama alinijia na kitenge chake kimelowa.

"Mbona uliharakisha? Kilio kilinishika, nikauma hii kitenge ili nisiharibu. Ningefika hata ishirini."

Chuoni nilisoma desturi za watu wetu, na nilikuwa na hakika watafanya nini kabla hawajafanya. Mtu pekee aliyevunja kimya cha Mwalimu alikuwa mimi.

Mjane alinishika mkono tukitoka makaburini. Hakuwa na hasira, na hilo lilinizidishia aibu.

"Mwalimu alisema hutafika kumi," akaniambia. "Minye nilikutetea." Halafu akaongeza, "Utapiga tena siku ya kuondoa matanga."

Siku hiyo haikufika. Risasi zilikaribia kutoka upande wa bonde la Ruzizi, mpaka ukafunguliwa kwa wakimbizi, na watu wakaanza kuvuka na magodoro vichwani. Mjane alivuka pamoja nao. Nasikia yuko kambini, Burundi. Kambi gani, kila ninayemuuliza ananitajia nyingine. Mimi nilibaki. Korali imetawanyika, ngoma zimeibwa, na stoo sasa ina mwangwi. Alasiri huwa naingia na lile kasha, napiga kipande chote bila daftari. Nikifika pale katikati nainua upinde, nahesabu. Nafika kumi bila shida. Humo hakuna anayevuta pumzi.