Chai ya Wageni wa Kokushubira

Niliondoka Nshambya, mjini Bukoba, kwa sababu shemeji yangu alituma ujumbe kwamba mdogo wangu Kokushubira anakwisha, niende nikamuage. Miaka hiyo ya ukimwi sisi wauguzi tulikuwa tumechoka: kazini wagonjwa, nyumbani misiba. Hata kulia sikulia. Nilitia kitenge cha msibani kwenye mkoba, nikaenda kutafuta lori.

Muleba tulifika mchana, vumbi mpaka kwenye meno. Hapo nilipata mtu wa baiskeli akanipakia kuelekea Nshamba. Kila mlima tulishuka tukasukuma.

Jioni, Nshamba. Mama mkwe wa Koku alinipokea kwa buni za kutafuna, kisha chai. Koku alikuwa kitandani, viganja vyeupe, ndani ya kope kweupe. Alipojifungua miezi michache nyuma alipoteza damu nyingi. Lakini homa hana, mdomo safi, haharishi. Vidonge vya madini ya chuma nilivyomtumia alivimeza bila kukosa. Mbona basi damu haipandi?

Nikakaa nikitazama. Majirani na waumini wa kigango chao waliingia makundi kwa makundi kumwona, na kila kundi lilipikiwa chai ya rangi, nzito. Koku alijiinua akanywa nao wote, maana ni aibu mgeni kunywa peke yake. Kwa chai hiyohiyo akameza kidonge.

Asubuhi nilimweleza mama mkwe kwamba damu hujengwa kwa chuma, na chai kali hukishika tumboni kisipite. Tena ina manganisi nyingi, madini mengine. Mwili unaihitaji, ila kidogo tu. Ikizidi hugombania mlango mmoja na chuma.

"Waitu, jamani," akasema polepole, "kumbe sisi ndio tunamrudisha nyuma?"

Nilisema wageni waendelee kunywa, Koku apumzishwe chai. Kidonge akimeze kwa maji ya machungwa, na dagaa aongezewe.

Nilirudi Bukoba Jumapili, bila matumaini makubwa.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, Koku alikuja Nshambya, ametembea mwenyewe kutoka stendi. Alitaka apimwe, kwa sababu kwao walishamhukumu. Majibu yakatoka: hana ukimwi. Nililia palepale kwenye benchi. Safari ile ilinifunza kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa umetufanya tuache kuuliza mtu anaumwa nini.

Koku hakulia.

"Dada," akasema, "na wale tuliowazika bila kuwapima?"