Mwikali anapikia paka, paka hataki

Mwikali Mutua ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani ya samaki mapajani, na anachambua miiba. Anachambua kwa vidole tu. Macho ameyafumba, kwa sababu usiku hakulala vizuri na goti la kushoto linamuuma.

Samaki ni wa aina ya changu. Amechemshwa bila chumvi, bila ndimu, bila kitunguu. Harufu yake imejaa jiko hili dogo la ghorofa ya kwanza, katika nyumba ya mawe isiyo mbali na Ngome ya Yesu.

"Akikuta mwiba mmoja, ananitazama kama nimemtukana," anasema bila kufumbua macho.

Anayemsema ni Liwali, paka dume mzee mwenye rangi ya majivu na sikio moja lililochanika. Liwali amekaa mlangoni, mkia umezunguka miguu, akisubiri kama mgeni aliyealikwa.

Mwikali anainuka kwa kushika ukuta. Anakibeba kisahani cha bati cha buluu hadi ukumbini, anakiweka sakafuni kando ya busati lililokunjwa. Liwali anakuja taratibu. Ananusa. Kisha anainua mguu wa mbele na kuparua sakafu kando ya kisahani, namna paka wanavyofukia uchafu wao.

"Umeona?" anasema Mwikali. "Ananizikia chakula."

Anakiokota kisahani na kurudi nacho jikoni. Ni Alhamisi, na Liwali amekuwa akifanya hivyo tangu Jumatatu. Zaidi ya kulamba maji na mchuzi kidogo, hajatia kitu tumboni.

Mwikali ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Kitui, akashuka Mombasa akiwa msichana kutafuta kazi za nyumba, na hajafanya kazi nyingine tangu hapo. Leo anapanga chumba Majengo na analipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi. Sehemu kubwa humtumia binti yake, Beverly, anayesomea uuguzi.

Kazi yake kwa mwenye nyumba hii, Bi Nasiha, mjane aliyepita miaka themanini, ni kupika, kufua na kufagia. Lakini ukimwuliza ni nini hasa kinachomchosha, hataji ndoo za maji wala ngazi za mawe.

"Ni hawa watatu," anasema. "Mtu akinuna utamwuliza. Paka utamwuliza nini?"

Wa pili anaitwa Kipusa. Yeye hula kichwa cha samaki aitwaye tafi tu, tena lazima kiwe cha moto kidogo. Kikipoa, hukisukuma kwa pua mpaka kiingie chini ya kabati.

Wa tatu, Zabibu, hali samaki kabisa. Anataka hamri lililolowekwa kwenye maziwa, na hamri hilo liwe la asubuhi ile ile. Maji hayanywi ila kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kikombe kimoja cha seti ya Bi Nasiha kimekuwa chake, na wageni hawakiulizii tena.

Kwa ajili ya Liwali, Mwikali hutoka Majengo asubuhi na mapema akaenda kwa miguu hadi Liwatoni, ambako samaki hushushwa, kisha akakata kisiwa upande wa pili hadi Mji wa Kale. Kuna samaki karibu zaidi, lakini changu aliyelala kwenye barafu Liwali humjua kwa harufu.

Kitsao, muuza samaki wa Liwatoni, amemzoea.

"Mama Beverly! Wakubwa wako wameamkaje?" anamwita akiwa mbali.

"Wameamka na njaa, lakini hawali."

"Mimi nifanyie mpango na mimi niwe paka wa Mji wa Kale. Huyo anakula changu, wewe mwenyewe jana umekula nini?"

"Sukuma wiki."

"Na ugali?"

"Na ugali. Pima samaki, Kitsao, jua linapanda."

Kitsao anacheka, lakini anamchagulia mwenye macho maangavu.

Shida ilianza Bi Nasiha alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yake na kuvunjika nyonga. Siku zote alizokuwa hospitalini, binti yake Mahira alihamia hapa kuangalia nyumba, na Liwali alikula vizuri. Jumapili iliyopita mgonjwa alitolewa. Kwa kuwa hawezi kupanda ngazi, Mahira alimpeleka nyumbani kwake, ng'ambo ya daraja la Nyali, naye akarudi huko pamoja naye.

Jumatatu, Mwikali alibaki na nyumba na paka. Siku hiyo hiyo kisahani cha buluu kilianza kurudi jikoni kimejaa.

Jambo hilo limemuuma kuliko anavyopenda kulisema. "Kama ni kumkosa Bibi, mbona alikula Bibi akiwa hospitali?" anauliza. "Mpishi ni mimi yule yule. Aliyeongezeka alikuwa Mahira, na Mahira hakupika hata siku moja. Basi nikajiambia ubaya ni wangu. Labda paka ananusa uchovu kwenye mikono."

Alijaribu kubadilisha sufuria. Alijaribu samaki mwingine, kolekole. Aliosha mikono kwa majivu badala ya sabuni. Liwali alinusa, akaparua, akaenda kulala dirishani.

Jumatano, Mahira alimleta Arnold, daktari wa mifugo. Arnold aliyatazama meno, akabonyeza tumbo, akapima homa, asikute ugonjwa. "Anaweza kula, ila hataki," alisema. Kisha akaeleza kwa upole kwamba paka akikaa siku nyingi bila chakula ini lake huharibika, na kwa umri wa huyu hakuna muda wa kuchezea.

Mahira si mtu mkali. Amekuwa akimwuguza mama yake, akienda kazini na kurudi, na sauti yake kwenye simu inasikika imekwisha. "Mama anauliza kila siku kama Liwali amekula, nami namdanganya," anasema. "Tumekubaliana na daktari. Hadi Jumapili akiwa bado, adungwe sindano apumzike. Sitaki Mama asikie kwamba alikufa kwa njaa ndani ya nyumba yake."

Tangu siku hiyo Mwikali amekuwa akifika kazini akiwa amechoka tayari. Ijumaa alipika changu mara mbili. Mara zote mbili alimpelekea paka wa barazani, ambaye hana masharti.

Jirani wa dirisha la mkabala, Bi Mwanakuu, alikuwa akitazama yote. Uchochoro kati ya nyumba hizi ni mwembamba kiasi kwamba wanawake hupeana limau kwa mkono bila kushuka chini.

"Mwikali, huyo usimbembeleze!" alimpigia kelele. "Huyo ana tabia za waume wa zamani. Mpaka umpepee ndiyo ale."

"Nimempepea, Bi Mwanakuu."

"Basi mwimbie."

"Nikiimba atahama nyumba."

Wote wawili walicheka, na Mwikali akarudi jikoni na sahani iliyojaa.

Ili kuelewa kilichotokea Jumamosi, ni lazima kurudi nyuma, hadi nyumba ya kwanza Mwikali aliyofanyia kazi mjini humu. Haitaji ilikuwa ya nani. Anasema tu kwamba kikombe chake na sahani yake vilikaa chini ya sinki, na nyuma ya sahani palikuwa na doa la rangi ya kucha, ili mtu wa nyumbani asije akaichukua kwa makosa.

"Hapo nikajifunza kula nimesimama," anasema. "Unameza haraka, unaosha, umemaliza. Hakuna wa kukuonyesha mahali pako."

Alipokuja kwa Bi Nasiha, tabia hiyo alikuja nayo. Hapa chakula cha mchana huliwa chini, kwenye busati, katika sinia moja. Kila siku Bi Nasiha alikuwa akimwita kutoka ukumbini: "Karibu sinia, Mwikali." Na kila siku Mwikali alijibu kutoka jikoni: "Ahsante Bibi, nimeshiba." Kisha alikaa juu ya mbuzi, akala chake.

"Huku pwani hata mpita njia anakaribishwa chakula," anaeleza. "Anajibu ahsante, anapita zake. Nikajua karibu ya Bibi ni hiyo hiyo. Ni heshima yake, na heshima yangu ni kukataa."

Jumamosi mchana goti lilikuwa limevimba. Alikuwa amemwekea Liwali samaki, naye amekwisha kuparua sakafu kando yake. Safari hii Mwikali hakukirudisha kisahani, kwa sababu kuinama kulimshinda. Jikoni mbuzi ilikuwa imelowa, ameiosha punde. Akachukua sahani yake ya ugali na kipande cha mkia alichokibakiza, akakunjua busati, akaketi na kunyoosha mguu.

"Sikuwa na mawazo yoyote," anasema. "Nilitaka kuketi tu. Nilisema niketi, nile, halafu nilie kidogo kama machozi yapo."

Alikata tonge. Liwali akashuka dirishani. Akaja hadi ukingoni mwa busati, akakunja miguu kando ya kisahani cha buluu, akamtazama. Mwikali alipotia tonge mdomoni, paka aliinamisha kichwa akala.

Akasita kutafuna. Paka naye akasita. Akakata tonge jingine, paka akaendelea.

Bi Mwanakuu alishuhudia kutoka dirishani kwake. "Nilimwona kwa mato yangu haya," anasema. "Yeye tonge, paka tonge. Nikamwambia, Mwikali, usiinuke! Hata nyumba ikiungua, usiinuke mpaka amalize!"

Hakuinuka. Liwali alimaliza changu, akalamba kisahani mpaka kikasogea kwenye sakafu, kisha akaja kujilaza juu ya mguu ulionyooshwa, ule wa goti bovu.

Ndipo Mwikali akakumbuka kwamba Mahira, siku zile alizokaa hapa, alikula kwenye busati lile lile. Bi Nasiha naye, miaka yote. Katika nyumba hiyo, asiyeketi kula alikuwa mtu mmoja tu.

Jioni simu ililia. Ilikuwa ya Mahira, lakini sauti ilikuwa ya mama yake.

"Liwali yuwala?" aliuliza Bi Nasiha, kama anavyouliza kila siku.

"Amekula, Bibi. Amemaliza."

"Usinifiche, mwanangu. Mahira anifanya mtoto mdogo. Najua alikuwa hali."

"Alikuwa hali, Bibi. Leo amekula."

"Umempa nini?"

"Changu yule yule. Nimeketi naye."

"Umeketi wapi?"

"Kwenye busati. Upande wa mlango."

 Mwikali akamsikia mwanamke yule akicheka, kicheko chembamba cha mtu anayeogopa kutikisa nyonga.

"Miaka yote hii nakwita hukuja," alisema Bi Nasiha. "Ukaja kuitwa na paka."

"Nilidhani ni neno la mdomo, Bibi."

"Nami nilidhani wachukia manyoya yao kwenye sinia. Nikaona haya kukulazimisha."

Jumapili, Arnold hakuja. Mahira ndiye aliyekuja, akaketi busatini pamoja na Mwikali, akamtazama Liwali akila.

Kuhusu nyumba, bado hakuna uamuzi. Mahira angependa mama yake abaki ng'ambo, ambako hakuna ngazi. Mama mwenyewe anataka kurudi. Mwikali amependekeza kile chumba cha chini, kando ya mlango wa mbele, kilichojaa majiko mabovu na magunia ya kitani. Kikisafishwa kitatosha kitanda. Mahira alijibu "tutaona", naye Mwikali, bila kungoja zaidi, ameanza kutoa magunia, mawili matatu kila alasiri, kadiri goti linavyoruhusu.

"Akirudi, tutakula huko huko chini," anasema. "Paka watashuka. Liwali kwanza atanuna, halafu atazoea. Na mimi sitangoja kuitwa."

Jumatatu asubuhi yupo tena Liwatoni, macho mazito, kikapu mkononi. Kitsao anamwonyesha changu wa ukubwa wa kila siku. Mwikali anatikisa kichwa na kumwelekeza kwa kidole aliye mkubwa zaidi.

"Makubwa!" anasema Kitsao. "Paka ameongeza mke?"

"Pima," anasema Mwikali. "Tunakula wawili."